Moma Uani na Mwanamke Mlangoni



Wengi wenu mnaijua Naivasha kwa kuipita tu, basi likisimama kidogo kabla ya kuendelea Nakuru. Ndabibi haionekani kutoka barabara kuu. Iko ng'ambo ya ziwa, upande wa magharibi, kwenye uwanda uliolala kati ya maji na milima ya Mau, na Mlima Eburru umeukalia kaskazini. Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari tuliyozaliwa kando yake, na asubuhi za mwezi wa Julai maji ya udhu huuma vidole. Watu hulima mahindi, maharagwe na viazi, hufuga ng'ombe na kondoo, na wengine hudamka kwenda kwenye mashamba ya maua. Mimi nililetwa huku na kazi ya mume wangu, nikaja na watoto watatu na mbuzi ya kukunia nazi ambayo siku nyingi hukaa bure.

Kila nikishuka Mombasa kwa Idi, shangazi zangu huniuliza mambo mawili: baridi na nyoka. La baridi hulijibu kwa kuwaonyesha sweta. La nyoka ndilo ninaloliandikia leo, kwani jawabu lake linawafaa pia walioko Kisauni, Malindi na Lamu. Huko nako nyoka hawakosi, na huko nako mara nyingi mwanamke ndiye anayemwona wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeko uani.

Nyoka wa huku si wote mnaowajua. Koboko, na yule ndugu yake wa kijani anayekaa juu ya miembe na mikorosho ya pwani, hupenda nchi za chini zenye joto. Sisi tuna moma, ambaye wengine humwita bafe na Watanzania humwita kifutu: mnene, mfupi, mwenye madoa ya rangi ya majani makavu, mzito wa kutembea na mwepesi mno wa kuuma. Yeye hakimbii. Hutegemea kutoonekana, hulala alipo mpaka mtu amkanyage, na akikereka hujivimbisha na kutoa pumzi kwa sauti kama gurudumu la baiskeli linalotoka upepo. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Tuna pia swila mwenye shingo nyeusi, ambaye hana haja ya kuuma; huinua kichwa na kutema sumu kuelekea macho, na hufika mita mbili au zaidi. Wa tatu ni mdogo, nitamrudia baadaye.

Mwaka jana, katika mwezi wa Shaaban, alasiri ikielekea magharibi, binti yangu wa miaka kumi alikwenda kuchukua kuni nyuma ya jiko. Akasikia ile pumzi. Alirudi kinyumenyume, polepole, kama alivyofundishwa, macho yake yakiwa kwenye kuni, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, kuna nyoka kwenye kuni, upande wa tangi."

Niliwaingiza wadogo chumbani nikafunga, nikasokota taulo na kuliziba pengo la chini ya mlango. Kisha nikasimama kwenye mlango wa jikoni, hatua kama saba kutoka kwenye kuni, nikamtafuta kwa macho. Alikuwa pale, amejikunja chini ya gogo la mwisho, kichwa kimeelekea ukutani. Nikapiga simu. Kuna kijana huku aliyejifunza kazi ya kuwahamisha nyoka na ambaye huwaarifu maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, kila anapoitwa. Alikuwa Kongoni. Akasema: "Nakuja, mama. Msimpige, na usiyatoe macho kwake."

Habari ya nyoka haifichiki. Kabla simu haijarudi mfukoni, jirani yetu, mzee wa makamo mwenye huruma nyingi, alikwisha kuruka ua na panga mkononi.

"Mama, nipishe nimmalize. Ni dakika moja tu."

"Mzee wangu, nakuomba umwache. Hajamdhuru mtu, na anayemjua yuko njiani."

"Na akikimbia?"

"Huyu hakimbii. Na akikimbia, njia ya kwenda shambani iko wazi."

Hakufurahi, lakini aliliweka panga chini, jambo ambalo hadi leo namshukuru. Mambo yaliyokuwa akilini mwangu sikupata nafasi ya kumweleza wakati ule. Anayemkata nyoka kwa panga hana budi kumwinamia na kuingia mahali ambapo nyoka anaweza kumfikia. Anayesimama hatua saba hafikiwi na moma hata akitaka. Nyoka aliyepigwa vibaya huingia ndani zaidi ya kuni akiwa na maumivu na hasira, na usiku ule ule mtu atahitaji kuni. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda mrefu baada ya kiwiliwili kutupwa, na watoto hupenda kuchokoza kichwa cha nyoka kwa kijiti.

Tukangoja. Nadhani hii ndiyo sehemu ya kazi isiyosifiwa na mtu. Kumhamisha nyoka kwa usalama ni, kwa sehemu kubwa, kusimama na kutazama, kwa sababu nyoka unayemwona hana hatari ya yule uliyempoteza. Mwenye vyombo akifika akaambiwa "alikuwa hapa", ua mzima huwa si salama tena, na usingizi wa nyumba huondoka kwa juma zima.

Adhana ya simu yangu ikalia. Mume wangu alikuwa safarini na mzee yule alikuwa amekwenda kuwafungia kondoo wake. Jirani wa upande wa pili, bibi wa Kikuyu ambaye watoto wangu humwita shosho, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu nami tangu mwanzo, kimya. Akasema, "Nenda ukaombe, mama. Mimi nitamwangalia." Nikaingia nikaswali rakaa zangu tatu, na bibi yule, aliyekwisha kwenda kanisani asubuhi, akamlindia Mwislamu nyoka wake. Nilipotoka alinyoosha kidole bila kugeuza uso: "Amesogeza mkia tu."

Kijana alifika kwa bodaboda baada ya takriban saa moja. Alivaa mabuti, suruali nzito na miwani ya kufunika macho, ingawa nilimwambia ni moma na si swila. Alisema miwani huvaliwa kabla ya kusadiki maneno ya mtu. Vyombo vyake ni fimbo ndefu ya chuma yenye kulabu butu mwishoni, koleo ndefu, tochi, na ndoo ndefu yenye mfuniko wa kukaza uliotobolewa vitundu vya hewa. Aliilaza ndoo ubavu, mdomo ukielekea kwenye kuni. Akaondoa magogo mawili kwa kulabu, akiwa mbali. Akaipitisha kulabu chini ya tumbo la moma, katikati, akamwinua na kumsogeza polepole hadi kwenye mdomo wa ndoo, naye nyoka, akiona giza mbele yake, akaingia mwenyewe kama anayerudi kwao. Ndoo ikasimamishwa, mfuniko ukasukumwa kwa fimbo na si kwa mkono, ukafungwa kwa kamba. Haikufika dakika nne. Hakumshika shingo wala mkia. Anasema wanaofanya hivyo huwa wanajionyesha.

Nimeyaeleza haya ili msomaji aijue kazi iliyo sawa anapoiona, wala si ili aige. Kazi hii ni ya KWS au ya mtu aliyefunzwa na kuruhusiwa, na nambari yake iandikwe ukutani leo, kwa maandishi makubwa, kabla ya haja. Walioko pwani ya kaskazini wana bahati zaidi. Pale Watamu kuna Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, ambacho watu wake kwa miaka mingi wamekuwa wakiitwa majumbani kuwatoa nyoka na wakiwafundisha madaktari na wauguzi tiba ya kuumwa. Swila mkubwa wa pwani, yule ambaye zamani alihesabiwa kuwa aina moja na huyu wetu mwenye shingo nyeusi, alitambuliwa na wataalamu kuwa ni aina ya peke yake mwaka 2007, akapewa jina la Ashe, aliyekuwa amekwisha kufariki.

Moma wetu aliachiliwa kwenye vichaka visivyo na watu, si mbali sana. Nyoka hupelekwa mahali pa karibu palipo salama kwa sababu akitupwa mbali hukosa pa kujificha na pa kuwindia, huzurura, na mara nyingi hufa. Na tusisahau kazi yake: wale panya walioharibu gunia zima la mahindi ya jirani mwaka uliotangulia, moma ndiye mwindaji wao.

Kuna nyumba nyingine, kijiji cha pili kutoka kwetu, ambako mambo yalikwenda vingine. Kijana wa hapo alimpiga nyoka kwa fimbo, akadhani amekufa, akamwinua kwa mkia ili awaonyeshe wenzake. Aliumwa kidole. Wakamfunga mkono kwa mpira wa baiskeli, wakaukaza mpaka ukawa mweusi. Wakamchanja kwa wembe. Wakamwekea jiwe jeusi linalosemwa kunyonya sumu. Saa tatu zilipita hivyo. Kituo cha kwanza walichofika hakikuwa na dawa ya kupinga sumu, ikabidi wakodi gari tena. Yuko hai, alhamdulillahi, lakini vidole viwili havipo, na alikuwa fundi cherehani. Mama yake nilikwenda kumtazama. Hakusema neno juu ya nyoka. Alisema juu ya ule mpira wa baiskeli: "Tulikuwa tunamfunga tukidhani tunamsaidia."

Basi tuyaseme wazi. Aliyeumwa aondolewe karibu na nyoka, atulizwe, alazwe, asitembee ikiwezekana kubebwa. Avuliwe pete, bangili, saa na viatu mara moja, kwani uvimbe hauwangojei. Dada zangu, dhahabu ya arusi isiyotoka mkononi inaweza kukata kidole. Kiungo kilichoumwa kitulizwe bila kukazwa, kama mnavyofunga mkono uliovunjika. Kusiwe na kamba, wembe, kunyonya, jiwe, barafu wala umeme. Akitapika au kulegea alazwe ubavu wa kushoto. Kisha hospitali, kwa chombo cha kwanza kinachopatikana. Nyoka asifuatwe ili apelekwe ushahidi; picha ya mbali inatosha, na ikikosekana, daktari atatazama dalili. Aliyetemewa machoni asiyasugue: ayaoshe kwa maji mengi safi, yanayotiririka, kwa robo saa au zaidi, kisha naye aende hospitali.

Dawa yenyewe hutengenezwa kutokana na damu ya farasi waliozoezwa sumu kidogo kidogo, ni ghali, na haipatikani kila mahali. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sumu ya nyoka. Mwaka 2017 liliiweka balaa hii katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatangaza azma ya kuvipunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2030. Kwa mama wa nyumbani, maana ya hesabu hizo ni swali moja la kuulizwa leo, siku ya salama: ni hospitali ipi iliyo karibu nasi yenye dawa hii, na usiku tutafikaje?

Najua wapo watakaoniambia kuwa dini imeruhusu nyoka auawe. Ni kweli, imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha nyoka na nge wauawe hata mtu akiwa katika swala. Sibishani na hilo, wala simlaumu aliyembana nyoka chumbani na mtoto yuko kitandani. Lakini kuna kisa kingine, katika Sahihi Muslim, alichokisimulia Abu Said al-Khudri (R.A.), ambacho kila nikikisoma husimama kwenye kipande kimoja. Kijana aliyekuwa ametoka kuoa alimwomba Mtume (S.A.W.) ruhusa siku za Handaki akatazame nyumba yake. Alipofika alimkuta mkewe amesimama mlangoni, nje, na kwa wivu akamwinulia mkuki. Yule bibi akamwambia aingie kwanza atazame kilichomtoa. Ndani alikuta nyoka mkubwa amejikunja juu ya kitanda. Akamchoma mkuki, nyoka akajipinda juu yake, na haikujulikana ni nani kati yao aliyetangulia kufa. Ndipo Mtume akafundisha kuwa nyoka wanaoonekana majumbani Madina waonywe siku tatu kabla ya kuuawa.

Wanavyuoni wamekifafanua kisa hiki kwa upana, kuhusu majini na kuhusu aina za nyoka, na mwenye swali la hukumu amwendee sheikh wake. Mimi husimama kwa yule bibi. Jina lake silioni katika riwaya. Alikuwa bibi arusi, peke yake nyumbani, wakati wa vita, na alimwona nyoka juu ya kitanda chake. Hakupiga, wala hakukimbilia mbali akaiacha nyumba. Alitoka akasimama mlangoni, akijua nyoka yuko wapi, akamngoja mtu. Katika nyumba ile, yeye ndiye aliyebaki.

Na huyo huyo Abu Said ndiye aliyepokewa kisa cha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, akasomewa Fatiha, akapona kwa idhini ya Allah. Nasi tusome. Fatiha isomwe ndani ya gari, na gari liwe linakwenda.

Kuhusu ua wenyewe sina mengi, kwani akina mama wa pwani hawahitaji kufundishwa kufagia. Kuni zetu sasa ziko juu ya kichanja, magoti mawili kutoka ardhini, mbali na ukuta. Mahindi yamo ndani ya mapipa yenye vifuniko, kwa maana panya ndiye anayemwalika nyoka. Mayai ya kuku huokotwa kila jioni. Pengo la chini ya mlango limezibwa kwa ubao. Mafuta ya taa, vitunguu saumu na tumbaku vilivyomwagwa ukutani havimzuii nyoka, vinanuka tu. Kanga zilizoanikwa juu ya nyasi hukung'utwa kabla ya kukunjwa. Na yule anayetoka alfajiri kwenda bombani kutia udhu, au chooni usiku, atoke na tochi na mabuti, hata kama ni hatua kumi. Kitanda nacho tukikung'ute kabla ya kulala. Ni sunna iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwa kuwa hatujui ni nini kilichokuja kukilalia nyuma yetu.

Nilisema nyoka wa tatu ni mdogo. Mwezi uliopita shosho alikuwa akipalilia maharagwe yake, akaniita kwa mkono. Kando ya jembe, kwenye majani makavu, palikuwa na nyoka wa shibiri moja na nusu, rangi ya udongo, mwenye kipembe juu ya kila jicho. Hapatikani popote duniani isipokuwa Kenya, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, na wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1932 kwa jina la Worthington, Mwingereza aliyechunguza maziwa ya Afrika Mashariki. Tulisimama mbali vile vile kama kwa yule mkubwa, kwa kuwa hakuna dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa sumu yake. Kijana alikuja na ndoo ile ile, ambayo kwa mgeni huyu ilionekana kubwa mno. Binti yangu alitaka kujua pembe ni za nini. Shosho akasema labda ni nyusi.

Alipelekwa kwenye mawe upande wa Eburru. Shosho alichukua jembe, akaanza mstari ule ule wa maharagwe, ila kutoka mwisho wa pili.